“I am very boring today”: jibu kwa mpagazi wa Moshi kuhusu vivumishi vya Kiingereza

“Shikamoo mwalimu. Nipo Moshi, huu ni mwaka wa sita napandisha mizigo mlimani. Nilimaliza kidato cha nne, Kiingereza naongea na wageni wananielewa. Sasa nataka kusomea kuongoza watalii, ila mwongozaji wangu ameniambia usaili wa Kiingereza utanikwamisha kwa sababu natumia vivumishi ovyo. Nasema ‘bigs stones’, ‘tent green’, ‘six days trip’. Safari iliyopita tukiwa kambi ya Horombo mgeni aliniuliza hali, nikamjibu ‘I am very boring today’, akacheka mpaka wenzake wakageuka. Mpaka leo sijui nilisema nini. Rafiki yangu amenipa orodha ya kukariri: maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, kitu kilichotumika kutengenezea. Kila nikitaka kusema jambo naanza kuhesabu orodha, nikimaliza mgeni ameshaondoka. Kwa nini Kiingereza kinatanguliza sifa kabla ya kitu chenyewe? Na je, kwa miaka 31 nimechelewa?”

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na la mwisho: hujachelewa. Darasa langu la jioni hapa mjini limejaa watu wa umri wako na kupita: wapagazi, wapishi wa mlimani, madereva wanaopeleka wageni mbugani kutoka Arusha. Makosa uliyoyataja ndiyo hayohayo ninayoyasikia kila muhula. Hayatokani na uvivu, wala shule uliyosoma. Yanatokana na Kiswahili chako kilichokomaa. Una sheria za Kiswahili kichwani, zinafanya kazi vizuri kabisa huku kwetu, nawe unazipeleka mahali ambapo hazina kazi.

Hebu tuangalie unachokifanya kila siku bila kufikiri. Unasema jiwe kubwa, mawe makubwa. Kiti kikubwa, viti vikubwa. Mti mkubwa, miti mikubwa. Kivumishi kinamfuata mwenye sifa na kuvaa sare yake. Sare hiyo ina kazi nzito. Ukisema “begi la mgeni kubwa”, kila mpagazi anajua begi ndilo kubwa. Ukisema “begi la mgeni mkubwa”, sasa mkubwa ni mgeni. Herufi moja tu imehamisha sifa kutoka kwenye begi kwenda kwa mtu.

Kiingereza hakina sare hiyo. Zamani kilikuwa nayo: zaidi ya miaka 1,000 iliyopita vivumishi vyake vilibadilika mwishoni kufuata jinsia ya nomino, idadi yake na kazi yake katika sentensi. Vimalizio hivyo vilichakaa polepole, kizazi baada ya kizazi, hadi vikaisha. Kilichobaki kuonyesha nani anasifiwa ni mahali neno lilipokaa. Chukua begi lile lile: ‘the guest’s big bag’, begi ndilo kubwa, ‘the big guest’s bag’, mgeni ndiye mkubwa. Neno ‘big’ halikubadilika hata kidogo. Limehama kiti tu. Hilo ndilo jibu la swali lako la “kwa nini mbele”: Kiswahili kinaunganisha sifa na kitu kwa kiambishi, Kiingereza kinaunganisha kwa nafasi. Ukihamisha neno, umehamisha maana.

Na usidhani jambo hili ni geni kwako. Kiswahili kina maneno mawili yanayoweza kukufundisha kivumishi cha Kiingereza kilivyo. La kwanza ni “safi”. Mtu safi, watu safi, kiti safi, viti safi, maji safi: halibadiliki kamwe, kama wenzake “rahisi”, “ghali” na “hodari”. La pili ni “kila”. Kila mtu, kila kiti, kila mwaka: linatangulia nomino, na hakuna anayesema “mtu kila”. Basi kivumishi cha Kiingereza kina tabia ya “safi” na kinakaa kwenye kiti cha “kila”. Kinatangulia, na hakibadiliki. Nimewahi kufundisha sura nzima ya sarufi kwa wiki tatu bila mafanikio, kisha sentensi hiyo moja ikafanya kazi kwa jioni moja.

Kwa hiyo ‘bigs stones’ inajisahihisha yenyewe. Kwako wingi unaenea kwenye sentensi nzima: mawe makubwa mengi yale. Kwa Kiingereza wingi unabaki kwenye nomino peke yake: ‘big stones’. Maneno yanayobadilika kwa wingi ni yale ya kuonyesha, ‘this’ kuwa ‘these’ na ‘that’ kuwa ‘those’: ‘these big stones’. Sifa zenyewe, hapana.

‘Six days trip’ ni kosa hilohilo limejificha. Safari inapochukua siku sita, ‘days’ ni nomino, ina haki ya wingi: ‘The trip takes six days.’ Lakini ukizichukua siku sita ukazitanguliza mbele ya safari ili ziisifu, zimegeuka kivumishi, na kivumishi hakichukui wingi: ‘a six-day trip’. Vivyo hivyo mzigo wa kilo ishirini unakuwa ‘a twenty-kilo load’. Hili lizoeshe ulimi mapema, kwa sababu mwongozaji anazungumzia siku, saa na kilo kuanzia getini hadi kileleni.

Sasa nikusahihishe dhana moja niliyoiona katikati ya barua yako. Unaamini sifa lazima itangulie kitu. Si kila mara. Kivumishi cha Kiingereza kina viti viwili. Kimoja ni mbele ya nomino: ‘a green tent’. Kingine ni baada ya kitenzi cha hali kama ‘is’, ‘look’, ‘feel’, ‘smell’, ‘taste’: ‘The tent is green’, ‘You look tired’, ‘The soup smells good’. ‘Tent green’ yako imeanguka katikati ya viti hivyo viwili. Amua: ama uihamishe sifa mbele, ama uipe kitenzi. Yapo maneno machache yanayokubali kiti cha pili tu. Mgeni aliyelala ni ‘The guest is asleep’, huwezi kusema ‘an asleep guest’. Ukitaka kutanguliza unasema ‘a sleeping guest’. ‘Alone’, ‘alive’ na ‘afraid’ wako kundi hilo. Na maneno kama ‘something’ yenyewe yanataka sifa ifuate: ‘something hot’, kama tusemavyo “kitu cha moto”. Usiyakimbize haya yote wiki moja. Yatakuja.

Tuje kwenye orodha ya rafiki yako. Orodha haidanganyi, Waingereza kweli hupanga sifa kwa utaratibu unaokaribia huo. Shida ni kwamba wao hawajaikariri, na wewe huwezi kuongea huku unahesabu. Jioni moja mpishi mmoja alikuja darasani na koti alilolipata kwenye mitumba ya soko la Memorial, akaliweka mezani. Koti jekundu, la sufu, limechakaa viwikoni, lakini zuri. Niliandika sifa nne kwenye vipande vinne vya karatasi: ‘nice’, ‘old’, ‘red’, ‘woollen’. Nikawauliza: tukizivua sifa hizi koti moja baada ya nyingine, ipi inatoka kwa urahisi zaidi? Dereva mmoja akasema hapo hapo, “Hilo zuri ni lake yeye, mimi silipendi.” ‘Nice’ ikatoka kwanza, kwa sababu ilikuwa kichwani mwa msemaji, haikuwa kwenye koti. Ikafuata ‘old’: koti lilikuwa jipya siku moja. Kisha ‘red’: unaweza kulitia rangi nyingine likabaki koti. Sufu ikagoma. Ukiondoa sufu huna koti tena, una vifungo. Basi tukazipanga: ‘a nice old red woollen jacket’. Inayotoka kwanza inakaa mbali na nomino, inayogoma kutoka inaigusa nomino. Maoni mbali, malighafi karibu.

Hiyo ndiyo maana iliyo nyuma ya orodha, na ukiishika huhitaji kukariri safu saba. Isitoshe, katika mazungumzo ya kawaida ni nadra mtu kurundika sifa nne. Mbili zinatosha, tatu ni nyingi. Ushauri wangu ni kujifunza jozi kama unavyojifunza salamu, kwa sikio: ‘a big black bag’, ‘a small green tent’, ‘a beautiful old church’. Jozi ishirini za vitu unavyovishika mlimani zitakufikisha mbali kuliko orodha yoyote.

Sasa lile la Horombo. Najua bado linakuuma, na nakuhakikishia mgeni hakukudharau. Ulitaka kusema umechoshwa na kukaa tu siku nzima, ukamwambia kwamba wewe ni mtu wa kuchosha kukaa naye. Vijana wa hapa wanaposema “inaboa” na “nimeboeka” hawachanganyi, na wewe huchanganyi. Ila kwa Kiingereza ulisema “naboa sana leo” wakati ulitaka “nimeboeka”.

Hapa Kiswahili chako ni mali. Tuna choka na chosha, shangaa na shangaza, furahi na furahisha. Anayechosha ndiye chanzo, anayechoka ndiye mpokeaji. Kiingereza kinafanya hivyo hivyo kwa vimalizio viwili. Chenye ‘-ing’ ni chanzo, chenye ‘-ed’ ni aliyepatwa. Mwinuko unachosha: ‘The climb is tiring.’ Mimi nimechoka: ‘I am tired.’ Ramani inachanganya: ‘The map is confusing.’ Mgeni amechanganyikiwa: ‘The guest is confused.’ Kinachovutia ni ‘interesting’, aliyevutiwa ni ‘interested’. Kabla ya kufungua mdomo jiulize kwa Kiswahili: ni chosha au choka? Jibu likija, kimalizio kimekuja nalo.

Watu wengi wanaogopa ‘-ed’ wakidhani ni wakati uliopita. ‘I am tired’ si ya jana. Ni hali iliyopo sasa, kama “nimechoka”: uchovu ulianza nyuma, lakini unaousikia ni wa sasa hivi. Ndiyo maana vingi vya “-me-” yetu vinatua kwenye kivumishi cha Kiingereza. Hema limechanika, ‘a torn tent’. Nguzo imevunjika, ‘a broken pole’. Glavu zimepotea, ‘lost gloves’. Hizo zisizo na ‘-ed’ inabidi kuzijua moja moja, hakuna njia ya mkato.

Hukuniuliza kuhusu baridi, lakini nitakaa hapo kidogo kwa sababu mlimani ni suala la afya. Sisi tunasema nina njaa, nina kiu, nina usingizi, nasikia baridi. Tunazo hizo hali kama mtu alivyo na fedha mfukoni. Mwingereza anakuwa yeye mwenyewe hizo hali: ‘I am hungry’, ‘I am thirsty’, ‘I am sleepy’, ‘I am cold’. Mpagazi akisema ‘I have cold’, mgeni anasikia ‘I have a cold’, na hiyo maana yake ni mafua. Mmoja anahitaji blanketi na chai ya moto sasa hivi, mwingine anahitaji kitambaa cha kupengea. Kizunguzungu nacho: ‘She is dizzy’, kamwe si ‘She has dizzy’. Siku utakapopiga redio usiku kuripoti mgeni aliyeishiwa nguvu, maneno matatu yaliyokaa sawa, ‘weak’, ‘dizzy’, ‘confused’, yatamweleza anayekusikiliza nini kinaendelea bila kukuuliza mara mbili.

Na baridi hiyohiyo ina mtego mwingine. Huku tunanunua “nguo za baridi”. Ukiitafsiri neno kwa neno ukamwambia mgeni alete ‘cold clothes’, atakutazama tu. Sisi tunataja nguo kwa adui yake, Mwingereza anaitaja kwa kazi yake: ‘warm clothes’. Hapo umekutana na kivumishi chetu cha a-unganifu, kile cha “wa”, “ya”, “za”, ambacho shuleni walikufundisha. Mara nyingi kinageuka kwa kupindua tu: mwongozaji wa mlima ni ‘mountain guide’, maji ya moto ni ‘hot water’, kahawa ya Kilimanjaro ni ‘Kilimanjaro coffee’. Kinachokuja mwisho kwetu kinatangulia kwao. Nguo za baridi ni miongoni mwa machache yanayokataa kupinduliwa.

Ukiacha nafasi, kuna uchaguzi wa neno lenyewe. Kivumishi kimoja cha Kiswahili kinaweza kuhitaji vinne au zaidi vya Kiingereza. Kisu kikali ni ‘sharp’, mbwa mkali ni ‘fierce’, mwalimu mkali ni ‘strict’, pilipili kali ni ‘hot’, na mwinuko mkali ule wa kuelekea Gilman’s Point ni ‘steep’. “Refu” nayo: kamba ndefu ni ‘long’, mtu mrefu na twiga ni ‘tall’, mlima mrefu ni ‘high’, kisima kirefu ni ‘deep’. Na ndizi mbichi za mtori ni ‘green bananas’, lakini nyama mbichi ni ‘raw meat’. Usitafute neno moja la Kiingereza kwa kila neno la Kiswahili. Jifunze sifa pamoja na kitu chake, kama unavyojua mvua kubwa ni ‘heavy rain’ na kahawa kali ni ‘strong coffee’.

Ulinganishi ni mwepesi zaidi. Neno fupi linachukua ‘-er’, refu linachukua ‘more’, na havikai pamoja, kama usivyosema “zaidi” mara mbili. ‘More better’ iache leo. Kilele cha Kibo kina mita 5,895 na mwenzake Mawenzi 5,149, basi ‘Kibo is higher than Mawenzi’, na ‘Kilimanjaro is the highest mountain in Africa’. Sentensi hizo mbili utazisema maisha yako yote ya kazi. Zizoee mpaka zitoke zenyewe.

Nilitaja wapagazi mara nyingi, na mnajiita wagumu. Tazama neno hilo: ni kivumishi kilichosimama bila nomino, na “wa-” imetosha kutuambia ni watu. Unasema pia “nipe kikubwa”, na mwenzako anajua ni kikombe. Kwa Kiingereza ‘Give me big’ inaning’inia hewani, kwa sababu hakuna sare ya kuonyesha kinachosifiwa. Inabidi ukipe kiti cha kukalia, na kiti hicho ni ‘one’: ‘Give me the big one.’ Wakiwa wengi, ‘the big ones’. Wagumu ni ‘the tough ones’.

Ufanyeje, basi? Njia zipo kadhaa na sitaki kukuuzia moja. Kitabu cha sarufi kitakusaidia kwenye mtihani wa maandishi, ila peke yake hakifungui mdomo. Simu inasahihisha sentensi uliyoandika, ni rafiki mzuri usiku ukiwa hemani na mtandao ukiwepo, lakini inakupa jibu bila sababu, na kesho utarudia kosa. Darasa linakugharimu fedha na muda ambao msimu wa wageni haukuachii. Wageni wenyewe ndio walimu wasio na ada, ila wengi wana adabu mno, watakuelewa na kunyamaza. Waombe. Mwambie mmoja siku ya kwanza, ‘Please correct my English’, na wengi watafurahi.

Kama ningekuwa wewe ningeanza na daftari dogo. Kila jioni andika vitu vitano ulivyovishika siku hiyo, kila kimoja mara mbili, mara moja kwa kila kiti: ‘a heavy wet bag’, ‘The bag is heavy and wet.’ Kisha visome kwa sauti. Dakika kumi tu. Ninaamini sana zoezi hili kwa sababu linafunza mkono, jicho na ulimi kwa pamoja, na linatumia maneno ya kazi yako, si ya kitabu cha mtu aliyeko London.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyafanya, na hapo tafuta mwalimu wa kukaa naye uso kwa uso. La kwanza ni matamshi. Kiswahili kinapenda irabu mwishoni, kwa hiyo ‘tired’ inaweza kutoka “tayadi”, au ‘d’ ikamezwa kabisa ikabaki ‘tire’. Hutajisikia mwenyewe, anahitajika mtu mwenye sikio mbele yako. La pili, ukiona baada ya wiki sita za daftari bado ‘boring’ na ‘bored’ zinakuchanganya ukiwa unaongea, vipindi viwili au vitatu vya ana kwa ana vitafichua ulipokwama kuliko miezi ya kujisomea. La tatu, mwezi mmoja kabla ya usaili, kaa na mtu akuulize maswali kwa sauti, maana kujua sarufi na kujibu mbele ya meza ya watu watatu ni vitu viwili. Na ikiwa herufi zinakurukaruka hata ukisoma Kiswahili, mweleze mwalimu huyo mapema, bila aibu, ili apange masomo kwa njia ya kusikia.

Safari yako ijayo, mkifika Horombo, geuka uitazame Mawenzi jua likiwa linazama. Andika sentensi mbili kwa mwamba, mbili kwa mawingu, moja kwa chai iliyo mkononi mwako na moja kwa hali yako mwenyewe. Ukishuka, nitumie hizo sita. Nitazisoma zote, na ile ya hali yako nitaisoma kwanza.